Mashine ikikataa alama za vidole vyako, chunguza ngozi kabla ya kulaumu jembe

Chukulia, msomaji wangu, kwamba unaishi wilayani Bariadi. Msimu wa pamba umekwisha, fedha kidogo imeingia mfukoni, na umeamua kwenda mjini kusajili laini mpya ya simu. Unataja namba yako ya kitambulisho cha taifa, kisha kijana wa pale anakusogezea kimashine chenye kioo kidogo. Unaweka dole gumba, kinakataa. Unakifuta kidole kwenye nguo na kukiweka tena, kinakataa. Unajaribu cha shahada, cha kati, unahamia mkono wa pili, wapi! Kijana anatazama foleni iliyo nyuma yako na kukwambia, "Mzee, vidole vyako vimefutika, labda urudi siku nyingine."

Wengi wakiambiwa hivyo hucheka na kusema ni jembe. Na mara nyingi ni kweli. Mtu aliyelima miaka thelathini, anayefyatua matofali, anayechanganya saruji au anayefua nguo za watu kwa sabuni kali, ngozi ya ncha za vidole vyake hulika. Uzee nao huikausha na kuilainisha. Pumu ya ngozi, majeraha ya moto na hata baadhi ya dawa za saratani huweza kufanya hivyo hivyo. Kwa hiyo mashine ikikukataa leo, usikimbilie kujitangazia ugonjwa.

Lakini ipo sababu nyingine ambayo watu wengi hawaifikirii, na ambayo ikigunduliwa mapema inatibika na kwisha kabisa. Sababu hiyo ni ukoma. Wiki hii nataka tuzungumze kuhusu uhusiano wa ugonjwa huu na mistari iliyo kwenye vidole na viganja vyako: nini ni kweli, nini ni kubahatisha, na wewe ufanye nini.

Mistari hii ilitoka wapi?

Geuza mkono wako utazame ncha ya kidole gumba kwenye mwanga. Utaona mistari myembamba iliyoinuka, imepangana kama matuta ya viazi yaliyolimwa na mtu makini. Matuta hayo yapo kwenye vidole vyote, kwenye viganja na kwenye nyayo. Juu ya kila tuta kuna vitundu vidogo sana ambamo jasho hutokea, na chini yake kuna ncha za mishipa ya fahamu zinazokuwezesha kutofautisha sarafu na kifungo ukiwa umeingiza mkono mfukoni.

Matuta haya hayakuanza ulipoanza kushika jembe. Yalianza kujengeka ukiwa tumboni mwa mama yako, mimba ikiwa na wiki kumi hivi, na ilipofika kati ya miezi mitano na sita mchoro ulikuwa umekamilika. Tangu hapo haubadiliki. Ukikatwa kidogo au kuungua juu juu, ngozi inapojirudi huota kwa mchoro ule ule, kwa sababu ramani yake iko kwenye tabaka la chini la ngozi. Ni jeraha linalofika chini ndilo huacha kovu na kuifuta ramani yenyewe.

Wataalamu huigawa michoro ya vidole katika makundi makuu matatu. Lipo la kitanzi, ambapo mistari huingia upande mmoja, hupinda na kurudi ulikotoka. Hili ndilo la watu wengi zaidi, takribani alama sita kati ya kumi. Lipo la duara, ambapo mistari huzunguka kama maji yanapoingia kwenye shimo. Hili huchukua kama tatu kati ya kumi. Na lipo la tao, ambapo mistari huinuka katikati kama kilima na kushuka upande wa pili. Hili ni la wachache, kama alama tano katika kila mia. Mwingereza Francis Galton aliyaeleza makundi haya katika kitabu chake cha mwaka 1892, na mwaka 1926 Mmarekani Harold Cummins akaanzisha jina la kitaalamu la elimu ya kusoma michoro ya ngozi, dematoglifiki.

Mchoro unaamuliwa na nini? Sehemu moja ni urithi kutoka kwa wazazi. Sehemu nyingine ni mambo yanayotokea tumboni: umbo la vidole vya mtoto wakati ule, na mahali ambapo matuta yanaanzia kuenea. Mwaka 2023, watafiti wakiongozwa na wenzao wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, walionyesha kwamba matuta huenea kama mawimbi kutoka sehemu tatu za ncha ya kidole, na mahali mawimbi yanapokutana ndipo mchoro unapojitokeza. Ndiyo maana hata pacha wa kufanana, waliotoka yai moja, hawana alama sawa.

Je, kiganja kinaweza kutabiri ukoma?

Hapa ndipo swali lilipozaliwa. Watafiti waliwaza hivi: kama mchoro wa kiganja unategemea urithi kwa sehemu, na kama uwezo wa mwili kupambana na ukoma nao unategemea urithi kwa sehemu, huenda watu wanaopata ukoma wana michoro ya namna fulani. Kama ni hivyo, mtu angeweza kutazamwa kiganja akiwa mtoto na kuambiwa mapema kwamba yuko kwenye hatari.

Wazo lenyewe si la kipuuzi. Ni kweli kwamba watu walio wengi, takribani tisini na tano kati ya mia, wana kinga ya asili dhidi ya kijidudu cha ukoma. Wanaweza kuishi nacho nyumba moja na wasiugue. Ni kweli pia kwamba jeni huchangia; utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2009 kutoka China ulionyesha jeni kadhaa zinazohusiana na nani anaugua na nani anapona. Kwa hiyo watafiti, hasa wa India, walichukua wino na karatasi, wakapiga chapa za mikono ya wagonjwa wa ukoma na za watu wazima wa afya, wakahesabu vitanzi, maduara na matao, wakapima hata pembe za mistari kwenye viganja.

Matokeo hayakukubaliana. Kundi moja likionekana kuwa na maduara mengi, jingine lilionyesha vinginevyo. Hilo halishangazi, kwa sababu michoro hutofautiana kati ya jamii na jamii, na hutofautiana kidogo kati ya wanaume na wanawake. Ukichukua wagonjwa hamsini wa kijiji kimoja ukawalinganisha na watu hamsini wa mji mwingine, utapata tofauti hata kama ukoma hauhusiki kabisa.

Kwa hiyo nikwambie waziwazi: hakuna mpango wa afya unaopima ukoma kwa kusoma kiganja. Mtu yeyote, awe mganga wa kienyeji au mjanja wa stendi, akikushika mkono na kukwambia mistari yako inaonyesha utaugua ukoma, au kwamba ukoo wenu umeandikiwa ukoma viganjani, usimpe hata shilingi. Ukoma si laana wala haurithiwi kama shamba. Kinachoweza kurithiwa ni udhaifu wa kinga tu, na udhaifu huo bila kijidudu hauleti ugonjwa.

Ukoma unavyofuta alama

Swali la kwanza lilikuwa kama mchoro unatabiri ugonjwa, na jibu lake ni hapana. Swali la pili ni kama ugonjwa unaweza kuharibu mchoro. Jibu la hili ni ndiyo.

Jambo hili lilijulikana zamani. Katika miaka ya 1930, Leonídio Ribeiro, daktari wa Brazil aliyefanya kazi ya utambuzi wa watu kwa alama za vidole huko Rio de Janeiro, alieleza namna ukoma unavyoharibu mistari ya vidole vya wagonjwa. Polisi walikuwa wakiamini kwamba alama za vidole hazipotei hadi mtu anapooza kaburini. Wagonjwa wa ukoma walionyesha kwamba zinaweza kupotea mtu akiwa hai.

Inakuwaje? Kijidudu cha ukoma kiligunduliwa mwaka 1873 na daktari wa Norway, Gerhard Armauer Hansen. Ni kijidudu mvivu kuliko karibu vyote tunavyovijua. Vijidudu vingi hugawanyika ndani ya dakika au saa, lakini hiki huchukua wiki mbili hivi kuzaa mwenzake. Ndiyo maana mtu huweza kukaa miaka mitano tangu alipoambukizwa bila dalili, wengine hata miaka ishirini. Na kinapenda baridi. Hukwepa sehemu za ndani zenye joto na kukaa kwenye ngozi, masikio, pua na mishipa ya fahamu iliyo karibu na ngozi.

Mshipa mmoja kati ya hiyo unaujua vizuri. Ni ule uliopita nyuma ya kiwiko. Ukijigonga pale unahisi kama umeme unashuka hadi kidole cha mwisho. Ukoma unapoingia kwenye mshipa huo, unavimba na kuuma, kisha taratibu unakufa. Mshipa ukifa, mambo matatu hutokea mkononi.

Kwanza, ganzi. Mkono haupati habari ya moto, mwiba wala kisu. Pili, jasho linakauka, maana hata vitundu vya jasho vilivyo juu ya matuta huendeshwa na mishipa ya fahamu. Ngozi isiyo na jasho hukauka, hukakamaa na kupasuka kama udongo wa mbuga mwezi wa tisa. Na mashine nyingi za alama za vidole huhitaji unyevu kidogo ili kusoma. Kidole kikavu kabisa huonekana kwake kama kipande cha ubao. Tatu, misuli midogo ya kiganja inalegea, vidole vinajikunja kama makucha, na mtu analazimika kushika vitu kwa nguvu kupita kiasi, akiitwanga ngozi ya ncha za vidole bila kujua.

Hapo ndipo matuta yanapoisha. Kidole kikiungua leo kwenye sufuria, kikachubuka kesho kwenye mpini, kikachomwa keshokutwa na kisiki cha pamba, na kila mara mwenyewe hana habari, kidonda hufika chini kwenye ramani. Kinapopona kinaacha kovu laini lisilo na mstari hata mmoja.

Vidole havidondoki

Hapa nataka tufute uongo mmoja mkubwa. Watu husema mwenye ukoma vidole vinaoza na kudondoka. Si kweli. Daktari Paul Brand, mpasuaji wa mifupa aliyefanya kazi Vellore, India, kuanzia miaka ya 1940, alichunguza vidole vya wagonjwa wake na kukuta nyama yao haikuwa na tatizo la kuoza. Vilifupika kwa sababu ya majeraha na maambukizi yaliyojirudia, ambayo hula mfupa kidogo kidogo. Aligundua hata kwamba baadhi ya wagonjwa walipoteza vipande vya vidole usiku kwa sababu panya waliwatafuna wakiwa usingizini, na ganzi haikuwaamsha. Suluhisho moja lilikuwa kufuga paka.

Kisa hicho kinaonyesha kwamba kinachomlemaza mtu mwenye ukoma ni majeraha yanayozuilika. Anayejua mkono wake una ganzi na akaulinda, vidole vyake vitabaki.

Kanda ya Ziwa inaifahamu hadithi hii kwa karibu. Kabla ya Simiyu kuwa mkoa mwaka 2012, Bariadi ilikuwa ndani ya Shinyanga, na ni Kolandoto, karibu na mji wa Shinyanga, ambako wamisionari waliwatunza wagonjwa wa ukoma kwa miaka mingi. Bukumbi, wilayani Misungwi, na Nunge, Kigamboni jijini Dar es Salaam, ni makazi mengine ambako wazee waliougua ukoma wamezeekea. Wengi wao walipona zamani, hawana kijidudu hata kimoja mwilini. Waliobaki nacho ni ulemavu na jina. Ukimwita mzee wa namna hiyo "mkoma", unamrudisha kwenye ugonjwa ambao hana. Sema mtu aliyeathirika na ukoma, au afadhali zaidi, mwite kwa jina lake.

Kipimo cha uzi wa pamba

Sasa turudi kwako. Alama za vidole zikipotea, ukoma kwa kawaida umeshakaa muda mrefu. Usisubiri mashine ikwambie. Dalili ya mapema ni rahisi kuiona, na kipimo chake cha kwanza mkulima wa Bariadi anacho shambani kwake.

Tafuta baka kwenye ngozi: lenye rangi iliyofifia kuliko ngozi yako, au jekundu jekundu kama shaba, tambarare au limeinuka kidogo. Haliwashi, haliumi, haliondoki kwa dawa za fangasi. Huweza kuwa mgongoni, kwenye makalio, mkononi, usoni, popote. Mwombe mke, mume au ndugu akukague sehemu usizoziona.

Ukiliona, fanya hivi. Chukua pamba kidogo, ivute ncha yake iwe uzi mwembamba. Fumba macho. Mtu mwingine aguse taratibu ngozi nzima, kisha aguse baka, bila mpangilio. Wewe onyesha kwa kidole kila anapokugusa. Ukishindwa kuhisi anapogusa baka, ilhali unahisi pembeni yake, usilale na jambo hilo. Nenda zahanati au kituo cha afya wiki hiyo hiyo. Baka lenye ganzi ni dalili kubwa ya ukoma.

Kumbuka kwamba kuhisi vizuri hakukupi ruhusa ya kukaa nyumbani, maana mabaka mengine ya ukoma, hasa ya usoni na ya watu wenye vijidudu vingi, hayana ganzi mwanzoni. Dalili nyingine ni vinundu usoni na masikioni, nyusi kunyofoka, ganzi au udhaifu wa mikono na miguu, kudondosha vitu bila sababu, kushindwa kufumba jicho vizuri, na vidonda visivyouma kwenye nyayo.

Kwa watoto, kagua wakati wa kuwaogesha. Mtoto mwenye ukoma ni ishara kwamba karibu naye yupo mtu mzima anayeugua na hajatibiwa. Ugonjwa huu hupita kwa hewa, kupitia matone ya pua na mdomo, na huhitaji kukaa pamoja kwa muda mrefu. Haupiti kwa kupeana mkono, kula sahani moja au kukaa kiti kimoja kwenye daladala.

Dawa ipo na ni bure

Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma mwaka 1977. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba ya dawa mseto, na tangu mwaka 1995 dawa hizo hutolewa bure duniani kote. Hapa nchini hulipii. Mwenye mabaka yasiyozidi matano kwa kawaida hutumia dawa miezi sita; mwenye mengi zaidi, miezi kumi na miwili. Siku chache baada ya kuanza dawa, mgonjwa haambukizi tena. Hakuna sababu ya kumtenga, kumhamishia kibanda cha nyuma au kumtolea kikombe chake.

Dawa mojawapo hufanya mkojo uwe mwekundu saa chache baada ya kuimeza. Si damu, usiogope. Nyingine huweza kuifanya ngozi iwe nyeusi zaidi kwa muda. Rangi hurudi polepole baada ya kumaliza dozi. Usiache dawa kwa sababu hizo.

Jambo la kuogopa ni jingine. Wakati wa tiba, au hata baada ya kumaliza, mwili unaweza kupambana kwa hasira na mabaki ya vijidudu. Mabaka yanavimba na kuwa mekundu, mishipa inauma, mkono unapoteza nguvu ghafla. Hiyo ni dharura. Mshipa ulioharibika kwa chini ya miezi sita unaweza kuokolewa kwa dawa za kupunguza uvimbe anazotoa daktari. Ukichelewa mwaka mzima, nafasi hiyo imepita. Na hakuna kidonge kinachofufua mshipa uliokufa wala kurudisha mchoro uliofutwa na kovu.

Kwa waliokaa karibu na mgonjwa, tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani limependekeza dozi moja ya dawa ya kinga, baada ya mtu kuchunguzwa na kukutwa hana ugonjwa. Utafiti wa Bangladesh ulionyesha dozi hiyo ilipunguza wagonjwa wapya kwa asilimia 57 katika miaka miwili ya kwanza. Waulize wahudumu wa eneo lako kama inapatikana.

Tanzania ilishuka chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000 mwaka 2006, lakini usidanganyike kwamba ukoma umekwisha. Duniani, wagonjwa wapya zaidi ya 180,000 waliripotiwa mwaka 2023, na nchi yetu imekuwa ikigundua zaidi ya elfu moja kwa mwaka katika miaka ya karibuni.

Ukishakuwa na ganzi, tunza mikono hivi

Kila siku loweka mikono kwenye maji ya kawaida, yasiwe ya moto, kwa dakika ishirini hadi thelathini. Sugua taratibu sehemu ngumu kwa jiwe laini. Kabla haijakauka, paka mafuta. Mafuta ya kujipaka ya dukani yanatosha. Mafuta hayaleti maji, yanazuia maji uliyoloweka yasitoroke, ndiyo maana yapakwe mkono ukiwa bado na unyevu.

Shika sufuria kwa kitambaa kinene. Zungushia nguo au mpira kwenye mpini wa jembe na wa shoka. Usijaribu joto la maji ya mtoto kwa kidole. Tumia sehemu ya mwili ambayo bado inahisi. Jioni, kagua mikono na nyayo kwa macho, kwa sababu macho ndiyo yatakayokuonyesha jeraha ambalo ngozi haikuhisi. Ukiona malengelenge au mpasuko, funika na upumzishe mkono hadi upone. Ngozi ikipona kabla kidonda hakijafika chini, hata mistari yako itajirudia ile ile.

Mashine ikikataa, wewe bado ni mtu

Zamani mtu asiyejua kuandika alikuwa anatia dole gumba kwenye karatasi, na mambo yanaisha. Leo kidole ni ufunguo wa mengi. Daftari la wapiga kura liliboreshwa kwa alama za vidole mwaka 2015. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Na ukizimiwa laini, umezimiwa na pesa zako zilizomo, pamoja na sauti ya mwanao aliyeko Mwanza.

Kwa mtu ambaye ukoma umemfuta alama, kukataliwa na mashine ni kutengwa kwa mara ya pili. Kwa hiyo jua mambo haya. Siku kadhaa kabla ya kwenda, loweka na upake mafuta mikono kila siku. Siku yenyewe nawa, kausha, kisha acha unyevu kidogo. Omba vijaribiwe vidole vyote kumi, polepole. Ikishindikana, usiondoke kimya: omba kuonana na msimamizi, eleza kwamba vidole vyako vimeathirika, na uliza utaratibu wa mtu asiye na alama za vidole. Ukiwa na barua au kadi ya kliniki, ibebe. Nenda na mtu unayemwamini, na usimruhusu mtu yeyote asajili laini yako kwa kidole chake, kwani laini hiyo itakuwa ya kwake kisheria.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inakataza kumbagua mtu kwa ulemavu wake, na mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ulipitisha kanuni za kukomesha ubaguzi dhidi ya watu walioathirika na ukoma na familia zao. India, yenye wagonjwa wengi kuliko nchi zote, mfumo wake wa kitambulisho huchukua pia picha ya mboni za macho, na una utaratibu wa wasio na vidole. Inawezekana.

Na wewe unayekaa nyuma ya mashine hiyo, kijana wangu, sikiliza. Mtu akiweka vidole kumi na vyote vikagoma, usimwambie arudi siku nyingine kama hujui siku hiyo itakuwa na tofauti gani. Mpishe kiti, mwite mkubwa wako. Na ukiona mikono yake ina vidonda ambavyo haonekani kuvihisi, mwambie kwa sauti ya chini aende kituo cha afya. Huenda ukawa mtu wa kwanza kumwambia hivyo tangu baka lake lianze.

Kwako msomaji, leo jioni ukimaliza kuoga, chukua dakika tano. Mkague mwenzako mgongo, naye akukague wewe. Uzi wa pamba hauna gharama. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.